Jasho kwenye Madirisha ya Mbao Yenye Vioo Viwili: Kutambua Chanzo Kabla ya Kung'oa Kioo

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Nairobi zinapokuwa na mawingu na baridi inaposhuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, malalamiko yanayonifikia kuhusu madirisha ya mbao hufanana sana. Mtu anaamka nyumbani kwake Lavington, Karen au Loresho, anavuta pazia, na kukuta kioo kimelowa, maji yametiririka hadi kwenye ubao wa chini, na rangi imeanza kufura. Wengi huamua papo hapo kwamba dirisha limekwisha, wakaanza kuuliza bei ya alumini. Mimi ni seremala, na huumia moyo kila ninapoitwa kung'oa fremu ya mvule iliyo nzima kabisa kwa sababu ya maji yaliyotoka kwenye sufuria ya maharagwe.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na katika kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi. Kwa kuwa neno ukungu lina maana mbili, hapa nitalitumia kwa maana ya kioo kufifia kwa mvuke tu. Ule uoto mweusi unaotokea kwenye mbao na ukuta nitauita kuvu. Jozi ya vioo iliyozibwa kiwandani ikiwa na nafasi ya hewa katikati nitaiita kioo pacha.

Kipimo cha kwanza, kabla ya yote

Kioo pacha kina nyuso nne, na uso wenye maji ndio unaotaja chanzo. Chukua kitambaa kikavu upanguse upande wa chumbani. Maji yakiondoka, tatizo ni hewa ya ndani. Yasipoondoka, toka nje upanguse upande wa pili. Ikiwa ukungu haufutiki popote, umekwama kati ya vioo, na hapo ndipo kioo chenyewe kinapohusika.

Hakikisha pia kwamba dirisha lina vioo viwili kweli. Washa tochi ya simu usiku, uielekeze kwenye kioo kwa pembeni, kisha uhesabu taswira za mwanga: kioo kimoja hutoa mbili zilizokaribiana, na kioo pacha hutoa nne. Nimeshawahi kukuta nyumba ambayo mpangaji aliambiwa ana vioo viwili, kumbe kilichokuwapo ni kioo kimoja kinene.

Dalili: maji upande wa chumbani, hasa asubuhi

Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, lakini ikipozwa hadi nyuzi 10 uwezo huo hushuka hadi gramu 9 hivi, na mvuke uliozidi hauna budi kugeuka maji juu ya kitu kilicho baridi kuliko vyote chumbani, ambacho kwa kawaida ni kioo. Kioo pacha hupunguza hali hii kwa kuwa uso wake wa ndani hubaki na joto zaidi, ila hakiiondoi kabisa. Mstari mwembamba wa matone pembezoni mwa kioo, ambako kitenganishi cha alumini, yaani ufito mwembamba unaotenganisha vioo viwili, hupitisha baridi, ni jambo la kawaida na hukauka kufikia saa nne asubuhi. Kioo kizima kikilowa, tafuta chanzo.

Chanzo ninachokikuta zaidi ni chumba kilichofungwa kabisa usiku. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zilijengwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, na watu wameyaziba kwa magazeti, vitambaa au saruji kwa kuogopa baridi, vumbi na mbu. Mtu mzima aliyelala hutoa zaidi ya robo lita ya maji kwa pumzi na jasho katika usiku mmoja. Wawili na mtoto wakilala katika chumba kisicho na tundu, maji hayo yote hukaa ndani. Fungua matundu, uyawekee wavu wa mbu, kisha ulale usiku tatu dirisha likiwa wazi kwa upana wa kidole, ikiwa usalama wa mahali unaruhusu. Matone yakipungua kwa dhahiri, umeshapata jibu bila kutumia fedha.

Chanzo cha pili ni jikoni. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba gesi yenyewe inapoungua huzaa maji: kila kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa takriban kilo moja na nusu ya mvuke, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unapokwisha huwa umeingiza zaidi ya lita 9 za maji ndani ya nyumba, mbali na mvuke wa chakula chenyewe. Githeri inayochemka kwa saa tatu bila kifuniko katika jiko lililo wazi kuelekea sebuleni hulowesha madirisha ya nyumba nzima. Funika sufuria, funga mlango wa jikoni, fungua dirisha la jikoni wakati wa kupika na kwa nusu saa baada ya kumaliza.

Baadaye huja nguo zinazoanikwa ndani wakati wa mvua, maji ya moto ya kuoga katika bafu lisilo na feni ya kutolea hewa, na mapazia mazito yanayogusa ubao wa chini wa dirisha. Pazia la namna hiyo huzuia joto la chumba lisifike kwenye kioo huku likiruhusu mvuke kupenya, na matokeo yake ni kioo baridi zaidi na maji mengi zaidi. Liinue sentimita chache kutoka kwenye ubao, na ulisogeze kidogo mbali na kioo.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kuna faida gani kufungua dirisha wakati nje kunanyesha rasharasha? Faida ipo, na ni kubwa. Hewa ya nje yenye nyuzi 12, hata ikiwa imejaa unyevu kwa asilimia 90, ina takriban gramu 9 na nusu tu za mvuke kwa mita ya ujazo. Ikishaingia na kupata joto la chumba la nyuzi 20, unyevu wake huwa kama asilimia 55, yaani hewa kavu kuliko ile uliyolala nayo. Dakika kumi za kufungua madirisha mawili yanayotazamana, mara tu baada ya kuamka, hufanya kazi kuliko dawa yoyote ya kupaka kwenye kioo.

Chanzo cha mwisho, kisicho cha kawaida lakini kizito, ni unyevu wa jengo: mfereji wa paa unaomwaga ukutani, bomba linalovuja ndani ya ukuta, au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Ukuta chini ya dirisha ukiwa umelowa hata mchana wa jua, au rangi yake ikitoa unga mweupe wa chumvi, acha kuhangaika na dirisha na umwite fundi bomba au fundi wa ujenzi.

Hapa nina maonyo mawili. Usijaribu kukausha chumba kwa jiko la makaa. Makaa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na katika msimu wa baridi hewa hiyo huua watu waliolala vyumba vilivyofungwa. Vilevile, maji yakitiririka kutoka dirishani hadi kwenye soketi au swichi, zima umeme kwenye swichi kuu, usiguse soketi hiyo, na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya.

Dalili: ukungu kati ya vioo, usiofutika

Mara nyingi huanza kama wingu dogo kwenye kona ya chini linaloonekana asubuhi na kutoweka jua likipiga. Baada ya miezi kadhaa haliondoki tena, matone huonekana, na hatimaye hubaki michirizi myeupe kama ya maji ya chumvi yaliyokauka. Ndani ya kitenganishi cha alumini kuna punje za kufyonza unyevu, sawa na zile za kwenye vifuko vidogo vinavyowekwa katika maboksi ya viatu. Zikishajaa, kila mvuke unaopenya hauna pa kwenda isipokuwa juu ya kioo.

Kwanza tambua aina ya dirisha lako. Baadhi ya madirisha ya zamani hayana kioo pacha. Yana vioo viwili vilivyopachikwa kimoja kimoja katika fremu moja, au dirisha la pili lililoongezwa baadaye kwa ndani ili kupunguza kelele za barabarani, jambo ambalo nimeliona kwenye nyumba zilizo karibu na Waiyaki Way. Hapo hakuna kilichokufa. Hewa ya chumbani inapita kwenye mianya ya dirisha la ndani na kupoa kwenye kioo cha nje. Ziba dirisha la ndani kwa utepe wa mpira, liache la nje lipumue kidogo, fungua na usafishe katikati siku ya jua. Watu wengi hufanya kinyume, wakaziba la nje kwa silikoni, na ukungu ukaongezeka maradufu.

Ikiwa ni kioo pacha kweli, basi zibo la pembezoni limepasuka, na sababu ya kwanza kabisa ni umri. Zibo hizi kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 20 na zaidi, kutegemea jua na maji.

Sababu ya pili, ambayo ndiyo inayoua madirisha ya mbao kabla ya wakati, ni maji yanayotuama chini ya kioo. Kioo pacha kinatakiwa kukaa juu ya vipande vidogo vya plastiki vyenye unene wa milimita 3 hadi 6, ili ukingo wake usiguse mbao, na chini yake pawe na matundu ya kutolea maji. Niliwahi kufungua dirisha la jikoni huko Kileleshwa ambalo mwenye nyumba alikuwa ameshalipaka rangi mara tatu. Nilipong'oa ufito unaoshika kioo, ule ambao mafundi huuita bidingi, maji yalimwagika juu ya viatu vyangu. Kioo kilikuwa kimesimama ndani ya maji kama mguu ndani ya beseni. Zibo lake jeusi lilikuwa limelainika kiasi cha kubaki kwenye kidole changu kama lami, na matundu mawili ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na rangi ile ile aliyoipaka kwa ajili ya kulinda dirisha. Mbao yenyewe, ukiacha sehemu ya juu isiyozidi milimita mbili, ilikuwa nzima.

Sababu ya tatu ni mwinuko wa mji wetu, na nitaieleza mwishoni.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuchokoa matundu ya maji kwa waya mwembamba, kuangalia kama ufito umepasuka au umeachana na kioo, na kuziba mwanya huo ili kioo kingine kisifuate. Ukungu uliokwisha kuingia hautatoka. Wapo wanaotoboa kioo, kupuliza hewa kavu na kuweka kizibo. Binafsi sishauri, kwa sababu punje za kufyonza unyevu zimeshajaa na zibo bado limepasuka, na isitoshe kioo kilichoimarishwa kwa moto hakitobolewi wala hakikatwi. Ukijaribu, kitasambaratika chote kuwa vipande vidogo. Tiba ni kubadilisha kioo pacha peke yake na kuiacha fremu.

Kazi hiyo mpe fundi wa vioo ikiwa dirisha liko juu ya ghorofa ya chini, ikiwa kioo kina upana unaopita mikono yako iliyonyooshwa, au ikiwa kimeshapata ufa. Kioo pacha kina uzito wa vioo viwili, na kikiteleza hakishikiki.

Dalili: umande upande wa nje alfajiri

Huu ni umande wa kawaida baada ya usiku usio na mawingu, na ni ishara kwamba kioo pacha kinazuia joto la chumba lisitoke. Uache ukauke.

Dalili: maji kwenye ubao wa chini baada ya mvua, hata kioo kikiwa kikavu

Huu ni uvujaji, na watu huuchanganya na jasho kila masika. Tofauti yake ni rahisi: jasho huja usiku wa baridi, mvua iwepo au isiwepo, ilhali uvujaji hufuata mvua ya upepo na mara nyingi huanzia kona moja.

Angalia kwanza rangi na ufito wa nje kwenye ukingo wa chini, kwani hapo ndipo jua hupasua kabla ya kwingine. Kisha chunguza mwanya kati ya fremu na ukuta. Halafu tazama ubao wa nje wa chini kama bado una mteremko na kama mfuo wa kudondoshea maji ulio chini yake haujajaa rangi, maana mfuo ukijaa, maji hurudi nyuma yakifuata ubao hadi ukutani. Mwagilia maji kwa mpira wa bustani bila kasi, ukianzia chini na kupanda polepole, huku mtu mwingine akitazama ndani. Ukianzia juu hutajua yalipoingilia.

Ukiona ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha kupanda ukutani na unaozidi kupanuka, au ukiona boriti ya juu ya dirisha imepinda, usizibe kitu. Mwite mhandisi wa majengo.

Dalili: madoa meusi kwenye mbao na kuvu kwenye pembe za ukuta

Madoa yaliyo juu ya rangi ni kuvu inayokula vumbi na unyevu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ukivaa glavu na barakoa, kisha ukaushe kabisa. Usiisugue ikiwa kavu, kwa kuwa utairusha hewani. Itarudi ndani ya wiki chache ikiwa chanzo cha maji hakijaondolewa. Mahali ambapo kuvu imefunika zaidi ya mita moja ya mraba, au nyumbani kukiwa na mtu mwenye pumu, mwachie kazi mtu mwenye vifaa, na mgonjwa asilale chumba hicho.

Weusi ulio ndani ya mbao, chini ya varnishi, ni alama ya maji yaliyokwisha kupenya. Hapo kwaruza varnishi na uache mbao ikauke kwa siku kadhaa za jua kabla ya kupaka tena. Hata hivyo, kama nyumba ni ya zamani na ina matabaka mengi ya rangi, tahadhari na madini ya sumu ya risasi yaliyomo kwenye rangi za zamani: usipige msasa mkavu, lowesha kwanza, waondoe watoto, na ukusanye mabaki yote.

Dalili: ubao umelainika, au dirisha linabana na halifungi

Dirisha linalobana masika na kulegea Januari limevimba tu kwa unyevu. Usikimbilie randa. Subiri likauke, kisha upake rangi kingo zote, hasa za chini na za juu ambazo mafundi husahau kwa kuwa hazionekani. Ukiliranda likiwa limevimba, msimu wa jua litaachana na fremu, upepo na mvua viingie.

Ili kupima kuoza, sukuma ncha ya bisibisi kwenye viungo vya chini, bila nguvu. Ikizama milimita chache, tabaka la juu tu ndilo lililooza. Ikizama kama kwenye keki, kiungo kimekwisha. Ukisikia sauti ya mvungu na kuona njia za udongo, hao ni mchwa, na tiba yake ni nyingine kabisa: mwite mtaalamu wa wadudu kabla ya seremala.

Kuoza kidogo hukatwa hadi kufikia mbao ngumu, na kuendelea sentimita 5 zaidi, kisha kipande cha mbao ya aina ile ile huungwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Usizibe shimo kwa saruji au kwa puti ukapaka rangi juu. Unyevu hubaki ndani na kuoza kuendelea bila wewe kuona. Unapopaka rangi, ipeleke milimita 2 juu ya kioo ili kuziba mshono. Viungo viwili au zaidi vya fremu moja vikiwa vimelegea, au bawaba zikiwa hazina mbao ya kushika, dirisha hilo lisifunguliwe tena hadi seremala alione, kwa sababu linaweza kuanguka na kioo chake.

Dalili: kioo pacha ni kipya, na ukungu umerudi ndani ya mwaka

Hili ndilo lalamiko linalouma zaidi, kwa kuwa mtu ameshalipa. Mara nyingi kosa ni puti. Puti ya kawaida ya mafuta, iliyofaa kioo kimoja kwa vizazi, huyeyusha zibo la kioo pacha. Silikoni yenye harufu kali ya siki nayo inaweza kuliharibu. Mwombe fundi atumie silikoni isiyo na asidi, na uinuse kabla hajaanza kazi. Kosa linalofuata ni kukisimamisha kioo juu ya mbao bila vipande vya plastiki.

La tatu ndilo la mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Kioo pacha kilichozibwa pwani au katika kiwanda cha ng'ambo kilicho karibu na usawa wa bahari hufika hapa hewa yake ya ndani ikisukuma vioo vyote viwili kuelekea nje, na zibo huvutwa mchana na usiku, zaidi jua linapopasha hewa hiyo. Ama kiagize kutoka kwa karakana inayoziba vioo hapa hapa mjini, ama kiwe na mrija mwembamba wa kusawazisha mgandamizo ambao huzibwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kioo kinapofika, kabla ya kusaini stakabadhi, weka rula ndefu iliyonyooka kukatiza katikati yake. Ikiwa rula inagusa katikati na kuacha mwanya wa milimita kadhaa pembezoni, kioo kimefura, na ni afadhali kirudi kwenye gari lililokileta.